Sentimita Tano za Babu

Wenye magari ya zamani tunajuana. Tukikutana kituo cha mafuta hatuulizani habari za watoto, tunaulizana habari za radieta. Kwa hiyo, ndugu msomaji, nitazungumza nawe bila kujieleza sana. Ninayo Prado ya mwaka 1998, zile za umbo la mviringo zilizotoka kati ya 1996 na 2002, injini ya dizeli 1KZ, tairi la akiba limebebwa na mlango wa nyuma. Watoto wanaiita Babu kwa kuwa asubuhi haisemi mpaka ikohoe. Mama yao anaiita “hilo gari lako”, isipokuwa siku tunapokwenda kwao. Siku hiyo linakuwa letu.

Kwao ni Usambara, juu kabisa. Unaiacha barabara kuu pale Mombo, unapanda kwa lami kwenye kona zinazomfanya kitindamimba wetu atapike kwa ratiba, ukifika Soni unaiacha njia ya Lushoto na kukunja kuelekea Bumbuli. Baada ya hapo ndipo kijiji cha mama mkwe kinapoanza kujificha. Kiangazi ni mawe na vumbi. Masika ni udongo mwekundu unaoteleza, na katikati ya njia malori yameacha tuta ambalo Babu alikuwa akilipapasa kwa tumbo, kwa sauti niliyoisikia kwenye fizi. Na usidhani hapa Dar tuna nafuu. Sisi ni watu wa Goba ndanindani, ambako mvua ikinyesha saa mbili, barabara ya mtaa hurudi kuwa korongo ilivyokuwa kabla ya mabroka wa viwanja.

Springi zake Babu zilikuwa zilezile alizokuja nazo kutoka Japani. Chuma ukikibebesha mzigo robo karne nacho huchoka, hakina siku ya kustaafu. Binti yetu mkubwa, Zawadi, ambaye tunamwita Injinia kwa sababu alishawahi kufungua redio na kuifunga ikabaki na nati mbili za ziada lakini ikaimba vizuri zaidi, alichukua tepu ya cherehani ya mama yake akapima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, tairi moja baada ya jingine. Hivyo ndivyo inavyopimwa, maana ukianzia ardhini upepo wa tairi unakudanganya. Akaniletea karatasi: mbele kulia kuko chini kuliko kushoto kwa sentimita mbili.

“Kwa nini, baba?”

Nikaanza kumweleza habari za mgawanyo wa uzito na uchovu wa chuma. Mama yake, bila kuinua macho kutoka kwenye mchicha aliokuwa akiuchambua, akasema, “Kulia ndiko anakokaa nani?”

Huyo ndiye Mkaguzi. Kazini ni mhasibu wa kawaida, ila nyumbani ana mamlaka ambayo hata Katiba haikumpa mtu. Kuna daftari la jalada gumu, kuna kalamu nyekundu, na kila mwisho wa mwezi mimi najibu hoja.

Hapo ndipo alipojitosa Torki. Torki ni shemeji yangu, mdogo wa Mkaguzi, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili kutafuta kazi. Ilikuwa mwaka wa uchaguzi. Uchaguzi mwingine umeshapita. Hana gari, lakini amezitazama video zote za Waaustralia wanaovuka mito kwa magari, na akishika spana lazima akuambie bolti hiyo inataka torki kiasi gani. Kila anachokifunga hukifunga kwa imani. Chupa ya chai akiifunga yeye, tunakunywa akirudi.

“Shemeji,” akaniambia kwa sauti ya chini tukiwa uani, “tumnyanyue Babu. Inchi mbili tu.”

Inchi mbili ni sentimita tano. Nakusihi uziweke akilini, maana familia nzima itazigombania.

Fundi wetu alikuwa na njia zake. Simtaji jina, na gereji yake haina jina la kutaja: ni mwembe. Sisi tunamwita Fundi Kesho. Njia yake ya kwanza ilikuwa mipira ya springi, ile inayochomekwa katikati ya mizunguko ili gari lisimame, maarufu sana kwa wenye vigari vidogo vilivyochoka. Gari husimama kweli, lakini ule mzunguko uliowekewa mpira unakuwa haufanyi kazi yake, na mgongo wako ndio unaoupokea mwaka mzima. Njia ya pili ilikuwa spesa, ringi nene za chuma zinazokaa juu ya springi ileile. Hizo hunyanyua, ila springi iliyokuwa mgonjwa inabaki mgonjwa, imepandishwa cheo tu. Ya tatu ilikuwa springi mpya ndefu kidogo na ngumu kidogo, pamoja na shokapu zenye urefu wa kuendana nazo. Bei ya njia ya tatu sitaitaja hapa kwa kuwa gazeti hili linafika nyumbani.

Na kwa nini tano, si kumi? Torki alitaka kumi. Tatizo liko mbele. Prado hii mbele kila tairi lina mikono yake ya kujitegemea, na kutoka kwenye difu ya mbele kuna mashafti mawili yanayopeleka nguvu kwenye matairi kupitia sivijointi. Ukinyanyua bodi, difu inapanda nayo, matairi yanabaki chini, na yale mashafti yanalala mshazari. Kwa sentimita tano yanavumilia. Ukizidisha, mipira inayofunika sivijointi inakunjika vibaya na kupasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia, na boljointi nazo zinaanza kufika mwisho wa safari yake kila ukipita shimo. Fundi Kesho alimweleza Torki yote hayo kwa neno moja: “Hapana.”

Kwenye daftari niliandika “matengenezo ya kawaida, springi”. Jioni ileile neno “kawaida” lilikuwa na mstari mwekundu.

Kazi ilifanyika nyumbani, uani, kwa sababu Fundi Kesho alisema mwembeni kwake kuna foleni. Tulianza kwa mzozo wa matofali. Torki alikuwa na jeki moja na imani nyingi, na alipomnyanyua Babu nyuma akaenda kuchukua matofali ya saruji ambayo Mkaguzi ameyapanga miaka yote akisubiri jiko lake la nje, akayapandanisha chini ya chesisi. Mkaguzi akatoka. Ndugu yangu, nimewahi kuona mikutano ikivunjwa, lakini si kwa kasi ile. Alichokuwa anatetea ni matofali yake, hilo nina hakika nalo. Hata hivyo alikuwa sahihi kwa upande wetu pia, maana tofali halipindiki likionya, hupasuka mara moja na gari likamshukia aliye chini. Tukaazima stendi za chuma kwa jirani. Matofali yakarudishwa kwenye mstari wake na kuhesabiwa mbele ya mashahidi.

Nyuma kulitupa moyo. Huko Prado ina ekseli moja nzima, na springi imekaa juu yake peke yake, mbali na shokapu. Unafungua shokapu, unaishusha ekseli polepole kwa jeki huku ukiangalia isining'inie kwenye paipu ya breki, na springi inatoka kwa mkono. Kabla ya chakula cha mchana springi mpya zilikuwa ndani na Torki alikuwa ameshawapigia simu marafiki watatu.

Mbele ni habari nyingine. Huko springi imeivaa shokapu, vinakaa pamoja vikiwa vimebanwa, na huwezi kuvitenganisha bila kibano maalumu. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuvunja mkono au taya. Torki alikuwa amemwona mtu akitumia minyororo. Fundi Kesho akalisema tena lile neno lake, akaamua miguu yote miwili ipelekwe kwa mwenzake mwenye vifaa. Lakini kwanza itoke! Bolti ya chini ya upande wa kulia, upande wa dereva, ilikuwa imeoana na bushi yake tangu Japani, ambako sehemu za baridi hunyunyizia chumvi barabarani kuyeyusha theluji na magari huja na kutu yake kabisa. Tuligonga. Tulivuta kwa bomba refu. Dawa ya kutu ikaisha. Torki akapotea dakika moja, akarudi na chupa ya mafuta ya alizeti, mpya, ya Singida, haijafunguliwa, na kabla sijasema neno alikuwa ameshaimimina.

Kitindamimba wetu ana miaka sita na anaitwa Msemaji, kwa kuwa hakuna jambo la serikali ya nyumba hii ambalo halitangazi. Alikimbilia ndani.

“Mama! Mjomba anamkaanga Babu!”

Bolti ilitoka jioni, sijui kwa mafuta au kwa aibu. Miguu ikaenda kwa mwenye kibano, na mwenye kibano, kumbe, ni ndugu wa Fundi Kesho hata kwa jina, maana alisema kesho. Babu akabaki juu ya stendi bila miguu ya mbele. Na jioni ile Mkaguzi alikuwa na kikao cha harusi, naye ni mweka hazina. Akaenda na bodaboda, gauni limefungiwa kanga, mkoba wa michango kifuani. Aliporudi hakusema kitu. Wewe uliyeoa unaujua uzito wa hicho kitu ambacho hakikusemwa.

Miguu ilirudi, si kesho yake. Tulipomshusha Babu kwenye matairi yake, Injinia akapima: mbele tano, nyuma tano na nusu, kulia na kushoto sawasawa. Nikamwomba aisome ile ya kulia kwa sauti, mama yake asikie. Tukapiga picha. Torki akaweka mguu juu ya tairi.

Sasa ngoja nikuambie mambo ambayo video za Torki hupitia haraka. Gari ukilinyanyua, pembe zote za matairi ya mbele zinahama. Nilipofika barabara ya lami usukani ulikuwa unatazama Kibaha na gari linakwenda Mwenge. Hiyo ni alaimenti, na si ya kuahirisha, vinginevyo matairi yanalika upande mmoja. Injinia naye akagundua kwamba tairi la nyuma la upande mmoja limechomoza kuliko la upande wa pili. Kuna fimbo ya chuma inayoizuia ekseli isiyumbe, imefungwa mshazari, upande mmoja kwenye chesisi na mwingine kwenye ekseli. Bodi ikipanda, fimbo inaivuta ekseli pembeni kidogo. Ni milimita chache. Lakini mtoto akishaziona, utazisikia kila asubuhi.

Lililonitisha zaidi ni breki. Huko nyuma kuna valvu yenye kijiti kinachoshika ekseli, na kazi yake ni kukisia mzigo: bodi ikiwa chini, inajua umebeba, inaruhusu breki nyingi za nyuma, bodi ikiwa juu, inajua uko mtupu, inapunguza ili matairi ya nyuma yasijifunge na kukuzungusha. Sasa sisi tumenyanyua bodi. Valvu ikaamini Babu yuko mtupu siku zote za maisha yake. Fundi Kesho, ambaye nimemsema sana hapa, ndiye aliyeliona hilo bila kuulizwa, akachonga kipande cha bati nene, akakipandisha kile kijiti kwa kiasi kilekile. Kwa kazi hiyo moja namsamehe kesho zake zote.

Taa tulizisahau. Jirani wa mbele ana ghorofa, na usiku wa kwanza nilipokuwa naingia getini chumba chake cha juu kiliwaka kama ukumbi wa harusi. Alitoka barazani akiwa na kaptura, akasimama kwenye mwanga huo, nami nikampungia mkono. Kuna skrubu nyuma ya taa, unazishusha ukitazama ukuta. Tulizishusha kesho yake, baada ya yeye kuja mwenyewe na kuombwa radhi kwa chai. Chupa alikuwa ameifunga Torki, kwa hiyo radhi ilichukua muda.

Halafu kibanda. Juu ya Babu kuna keria, na kibanda chetu cha gari kilijengwa na mtu aliyepima gari, akaongeza vidole viwili, akaridhika. Keria ikaugusa mtambaapanya wa mbele. Haikuugonga, niwe mkweli, iliugusa tu, ila bati mbili ziliinuka na moja haijalala hadi leo. Babu sasa analala nje, na kibanda kimechukuliwa na kuku wa Mkaguzi, ambao kwa namna ya ajabu walikuwa wameshaagizwa.

Tukapanda Usambara. Na lazima nikiri raha pale inapostahili: lile tuta la katikati baada ya Bumbuli lilipita chini yetu bila kugusa kitu, Torki akapiga makofi nyuma, hata Mkaguzi akasema “mh”, nami nikaipokea hiyo “mh” na kuitia mfukoni.

Mama mkwe alikuwa uani. Tunamwita Bibi Shehena, si mbele yake. Ni mwanamke mwembamba, mtaratibu, asiyeweza kuona gari linaondoka kwake likiwa na nafasi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akamwuliza kila mjukuu shule, kisha akamzunguka Babu mikono ikiwa nyuma. Akainama. Akakaa ameinama muda mrefu.

“Baba Zawadi,” akaniita kwa upole, “na hili dude la katikati huku nyuma, nalo limepanda?”

Ni difu ya nyuma. Nilikuwa nalijua swali hilo lipo duniani, nikatumaini halitafika Usambara. Ekseli ya nyuma, mama, ni kitu kimoja, imelalia matairi. Springi inakaa juu ya ekseli. Kwa hiyo ukiongeza springi bodi inapanda, ekseli inabaki palepale ilipokuwa. Kinachoinyanyua hiyo ni matairi makubwa zaidi, hakuna kingine.

Akanyooka, akajifuta mikono kwenye kanga.

“Kwa hiyo mmenyanyua watu. Gari hamjalinyanyua.”

Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yake. Daftari lilikuwa Goba, lakini nilimwona akiandika.

Bibi Shehena alikuwa na siku yake ya kliniki Dar, kwa hiyo angerudi nasi. Asubuhi ya safari mlango wa nyuma ulifunguliwa na shehena ikaanza kuingia: viazi gunia moja, kisha jingine “la jirani yenu yule mwenye ghorofa, mumpooze”, kabichi, karoti, matunda damu kwenye ndoo, maboga, mkungu wa ndizi, na jogoo aliyeonekana kuielewa safari kuliko sisi. Kila gunia likiingia, Babu anashuka. Injinia akachukua tepu. Alipomaliza hakusema, alinionyesha tu karatasi: kati ya zile tano na nusu za nyuma, tatu zimeliwa na viazi. Springi ngumu, kwa heshima yake, ziliokoa mbili na nusu zilizobaki. Zile za zamani zingekuwa zimelala kwenye raba.

Yeye mwenyewe sasa apande. Akatazama ngazi ya mlango, akamtazama Torki, akamtazama tena. Kisha akaagiza kigoda chake cha jikoni kiletwe. Tangu pale hadi Dar kila tuliposimama, Korogwe, Msata, na mahali pengine ambapo hapakuwa na sababu ya kusimama ila jogoo, Msemaji alitangulia kushuka na kigoda, akakiweka chini ya mlango, akasimama kando mkono mmoja umenyooshwa, hadi wauza machungwa wakaanza kuulizana huyu mama ni nani serikalini.

Kuteremka kuelekea Mombo na uzito ule, gia ya pili, niliikumbuka ile valvu na kijiti chake. Breki zilishika vizuri. Kati ya wote tuliokuwemo, ndiyo pekee iliyokuwa imeelewa kilichobebwa. Usiku ulipoingia baada ya Msata, mambo yakageuka: nyuma kumelala, mbele kumenyanyuka, na taa tulizozishusha kwa skrubu zimepanda tena mbinguni. Kila lori lililokuja mbele lilitumulikia kwa hasira. “Wanakusalimia,” Bibi Shehena akasema, akawapungia.

Siku chache baadaye, baada ya chakula, Torki alinivuta uani. Alikuwa na karatasi ya hesabu. Tukitoka kwenye matairi ya 265/70 tukaenda 265/75, rimu zilezile za 16, kipenyo kinaongezeka milimita ishirini na sita na nusu, na kwa kuwa katikati ya tairi hupanda nusu ya hapo, ile difu ya nyuma itanyanyuka sentimita moja na zaidi kidogo. “Zaidi, shemeji,” alinong'ona, “zaidi kidogo.” Hesabu ilikuwa safi. Niliipitia nikakosa pa kuishika.

Nyuma ya pipa la maji palikuwa na miguu miwili midogo. Tulipoiona ilikuwa inakimbia.

“Bibi! Wanampandisha tena!”

Bibi Shehena alikuwa kwenye mkeka barazani, anamenya viazi vyake mwenyewe. Hakuinua kichwa.

“Basi kesho mniitie seremala,” akasema. “Hiki kigoda hakitafika.”

Mkaguzi alikuwa ameshafunua daftari. “Baba Zawadi,” akaniita kutoka ndani, “huyo seremala nimwandike kifungu gani?”